Pua ya Mama Kimea

Mama Kimea hakuwahi kumheshimu mnywaji hata mmoja. Aliwapikia pombe tangu usichana wake, akawauzia, akawatoa nje walipozidiwa, na muda wote huo aliwaona kama mifereji iliyovaa suruali: unamimina juu, inatokea chini, katikati hakuna kinachojulikana. Aliwaambia hivyo hivyo kwenye nyuso zao. Wao walicheka na kusogeza makopo.

Banda lake lilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ng'ambo ya kiwanda cha bia. Kiwanda nacho alikidharau. Kwa maelezo yake, pombe ilianza siku mwanamke fulani wa kale aliposahau nafaka kwenye maji, ikachachuka, naye badala ya kumwaga akaonja. Vizazi kwa vizazi ikawa kazi ya jikoni, ya mama na binti. Halafu wanaume wakanusa faida, wakajenga matangi, wakavaa makoti meupe, na kwenye chupa wakabandika picha ya dume lenye misuli ambalo halijawahi kukoroga hata uji. Hapo alikuwa akitema mate pembeni.

Aliyemdharau kuliko wote alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mjane aliyekuja kuishi naye. Alimwita Zoba, mbele za watu. Zoba aliosha makopo na kushika chujio, basi. Kimea hakuruhusiwa kukigusa, na kuonja ndiyo kabisa. Dada yake alisema ulimi wa Zoba ulikuwa wa kulambia stempu.

Na kimea ndicho kilichokuwa kila kitu. Mtama ulichipuzwa ndani ya gunia bichi, ukaanikwa, kisha kabla ya kusagwa Mama Kimea alitumbukiza kichwa kizima guniani na kuvuta pumzi. Kikinukia kama mkate wa moto, kisagwe. Kikiwa na harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, kitupwe. Hakuna mwingine aliyejua kunusa hivyo, na hilo alilisema mara nyingi mno.

Kisha akaugua mafua makali. Mafua yalipoondoka yaliondoka na pua yake, na ladha ikafuata. Vitunguu vikawa maji, sabuni ikawa maji. Hakumwambia mtu. Aliendelea kutumbukiza kichwa guniani na kutikisa kichwa kama anayejua.

Siku moja walipokuwa wakichuja, Zoba alisimama na chujio mkononi, uso umekunjamana.

"Dada, hii imeharibika," akasema polepole. "Kimea kilikuwa na ukungu. Nilisikia harufu tangu juzi, nikaogopa kukuambia."

Mama Kimea alimwambia afunge mdomo wake. Lakini alijua si uongo. Zoba hakuwa na akili ya kubuni uongo. Angeweza kuimwaga. Hakuimwaga, kwa sababu ya mtu mmoja.

Katika lile kundi lote la mifereji, kulikuwa na fundi saa. Huyu kila alipopewa kopo la kwanza alipiga funda dogo, akafumba macho, akatulia kabla ya kumeza. Mama Kimea aliishi kwa ajili ya yale macho yaliyofumbwa. Kwa ajili yake alikesha akichochea moto, akatupa magunia mazima ya kimea yasiyo na dosari ya maana. Sasa alitaka fundi saa ateme. Ateme mbele ya wote, amwaibishe, ili yeye mpishi ajue kwamba yupo aliyekuwa akionja.

Wanywaji walipofika, fundi saa alipiga funda. Akafumba macho. Akameza, akasogeza kopo liongezwe.

"Ikoje leo?" Mama Kimea akauliza. Hakuwahi kuuliza hivyo maishani.

"Nzuri, Mama. Kama kawaida."

"Na hayo macho unafumba ya nini?"

Fundi saa akaona haya kidogo. "Jino, Mama. Hili la nyuma lina tundu, kikipita kitu cha baridi linachoma."

Wenzake wakacheka. Mama Kimea alimjazia kopo, akawajazia na wengine, wakanywa uozo ule hadi wakaramba vidole, wakamsifu. Dharau aliyowalimbikizia miaka yote ilikuwa ya haki, na haikumpa raha hata chembe. Alikuwa amewaona mifereji, na bado akawapikia kama watu wenye ndimi. Nani sasa aliyekuwa zoba?

Walipoondoka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtazama mdogo wake akisuza makopo.

"Wewe ulijuaje pombe nzuri inakuwaje," akauliza, "hata ukajua hii mbovu?"

Zoba aliacha kusuza. Alionekana kama mtu aliyekamatwa.

"Huwa naonja, dada. Ukienda kisimani. Kila pipa, tangu nilipokuja. Ile ya mvua zilizopita nilikunywa nikalia. Sikuthubutu kukwambia."

"Mwizi mkubwa wewe," Mama Kimea akasema. Akasogea upande, akapapasa nafasi iliyobaki juu ya ile ndoo.

"Njoo ukae. Niambie ilikuwaje."