Waliponikuta Chini ya Nepia

Watu wa Gakindu wanahadithia hii aibu yangu wakiongeza chumvi, kwa hivyo afadhali niwaambie mwenyewe vile ilikuwa, ingawa hata sasa nikiikumbuka natamani ardhi inimeze.

Mimi ni mwalimu, nilitoka Kakamega kuja kufundisha huku Mukurweini, na nilikuwa nimeomba mkopo wa ng'ombe kwa sacco moja, jirani yangu Mzee Gathogo (mzee wa kanisa, mtu wa heshima) akakubali kuwa mdhamini. Sasa Ijumaa nikaangalia kwa simu nikaona jina langu bado liko CRB, ile orodha ya wakopaji wenye madeni mabaya, kwa deni la mkopo wa simu ambalo nilichelewa kulipa lakini nikalimaliza lote mwaka jana, na mwalimu mwenzangu akaniambia ati ukishaingia huko hutoki, siku moja wanakuja kubeba vitu vya nyumba. Sikulala.

Asubuhi gari nyeupe ikasimama kwa geti, wakashuka watu na faili, na mimi, badala ya kuuliza ni akina nani, nikamwambia mke wangu Nafula aseme nimeenda mazishi, nikatokea mlango wa nyuma, nikaingia kwa zizi jipya nililomjengea huyo ng'ombe, nikalala ndani ya hori na kujifunika majani ya nepia niliyokuwa nimemkatia tayari (nepia inakata, nawaambia, na nilivyotetemeka, majani yalikuwa yanatingika). Nikasikia Nafula akidanganya vizuri sana, hata akasema marehemu ni mjomba. Halafu sauti ya Mzee Gathogo ikampa pole, na nyayo zikaanza kuja upande wangu. Nikaacha kupumua.

Kumbe walikuwa watu wa sacco, mzee amewaleta waone mahali ng'ombe atalala.

Mama wa faili ndiye aliinua majani.

"Mwalimu," akasema polepole, "jina lako tuliliona mapema. Ukilipa, ile rekodi inakaa miaka mitano ndiyo itoke, lakini inaonyesha ulilipa. Hiyo peke yake haingetuzuia kukupa."

Mzee Gathogo alivaa tena kofia aliyokuwa ameivua kwa ajili ya marehemu, akaenda zake.

Jumatatu alijitoa kwa udhamini, na mkopo ukaishia hapo. Kwa zizi sasa tunaweka kuni. Siku hizi geti ikigongwa moyo bado unaruka, lakini naenda kufungua mwenyewe, hata nikitetemeka, na kwanza nauliza.