Spika Iliyomhamisha Mama Misumari

Na asiniambie tena kwamba kazi ya spika ni muziki tu. Nimeshamsikia mara tatu, yule muuzaji wa kizibao cha bluu, na mara ya tatu nusura nimkunje shati mbele ya wateja wake. Muziki! Kwani niliingia pale kutafuta ngoma? Niliingia kumtafutia shangazi yangu macho.

Shangazi ni fundi makochi. Wateja wanamwita Mama Misumari, kwa sababu kazi anaifanya na misumari midogo imejaa mdomoni. Anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, anaupokea na vidole, nyundo mara mbili, tap tap, umekaa. Miaka thelathini na kitu kwenye chumba kilekile cha mbele, kitanda chake nyuma ya pazia. Umletee kochi ambalo hata mbwa kalikataa, baada ya siku nne unaona aibu kulikalia.

Sasa macho yamezima. Mwaka juzi alikuwa anaona ukungu, mwaka huu anaona mwanga na kivuli, basi. Kazi hajaacha. Kitambaa anakivuta kwa kiganja, mshono anaufuata kwa kucha, na akikuta umekata sponji vibaya anakutukana kama kawaida. Shida ilikuwa pasi. Anapiga pasi kitambaa, anaenda kugonga misumari, anasahau kama amezima; na usiku hajui kama mlango ameufunga. Siku moja mto wa kochi la mteja ukafuka moshi.

Mwanawe akaja mbio. Huyo ni binamu yangu mkubwa, mtu wa ofisini, viatu vinang'aa mpaka unaona meno yako.

"Mama, basi. Funga kazi, uje ukae kwangu."

"Kwako ghorofa ya tano? Nikafanye nini huko, niote ukungu?"

"Utapumzika."

"Nimekwambia nimechoka?"

Wakavutana mpaka nikaingia kati. Mimi nauza makava ya simu barabarani, shule sikufika mbali, ila vitu vya umeme navijua. Nikamwambia, "Kaka, nipe mwezi mmoja. Akiweza kuzima pasi na kufunga mlango bila kuona, na akajua kweli vimezima, unamwacha?"

Akafikiria. "Mwezi mmoja. Jumamosi ya mwisho nakuja kuona mwenyewe. Ikishindikana, anahama siku hiyohiyo."

Shangazi akatema misumari kwenye kiganja. "Nimekubali. Wewe mtoto, usiniaibishe."

Nikaanza kusaka. Plagi ya pasi ya kampuni moja, kitasa cha mlango cha kampuni nyingine, taa za kampuni ya tatu. Vyote vina ile alama kwenye boksi, ya kwamba vinafuata kanuni moja ya pamoja na vitaelewana. Na kweli, mchana mmoja tu vikaelewana kama watoto wa mtaa mmoja. Ikabaki spika ya kumwambia Shangazi nini kimezimwa. Maana mtu haoni, atajuaje?

Nikampeleka dukani. Kizibao akawasha spika yake kubwa, nzito kama tofali, sauti nzito hadi kifuani. Shangazi akaipapasa, akaigonga na kidole kama anavyogonga fremu ya kochi.

"Hii mbao yake ngumu," akasema. "Nataka hii."

"Inaongea na vitu vya nyumbani?" nikauliza.

"Nyumba nzima, mama!" Kizibao akamjibu Shangazi, hata hakupepesa jicho. Na kwenye boksi imeandikwa hivyohivyo: nyumba yako yote.

Debe tupu bwana, ila hili liliuzwa bei ya debe la dhahabu.

Siku ya kwanza nikamwambia Shangazi aiamrishe izime pasi. Akaiamrisha, mdomo umejaa misumari. Spika ikajibu kwa adabu, "Samahani, sijakuelewa." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mimi na akili zangu zote nimemletea kitu cha kuongea nacho mtu ambaye kutwa nzima hafungui mdomo!

"Unacheka nini, mbwa wewe?" akasema, misumari ikimwagika. Akaitoa yote, akairudia amri vizuri.

"Sikipati kifaa hicho," spika ikasema.

Kicheko kikaishia hapo. Nikahangaika na simu siku mbili. Kumbe hilo lidude linajua taa za kampuni yake tu, plagi za kampuni yake tu. Ile kanuni ya pamoja haliijui na halitaki kuijua. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Dada mmoja, sauti tamu, akaniambia ninunue kitasa chao, plagi yao na taa zao. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, lakini hawa wanataka na ng'ombe mzima.

Nikarudi dukani, ndiyo hapo Kizibao akaanza wimbo wake. Spika ni ya muziki. Ukiipa kazi nyingi inaharibika. Halafu ati ni usalama, vitu vya kampuni tofauti vikiongea vitaingiza wezi.

"Kwa hiyo wezi wanaogopa kampuni yenu?" nikamuuliza. Akamgeukia mteja mwingine.

Shangazi nilipomsimulia alisema jambo moja tu: "Mimi sijawahi kuona nyundo inayokataa msumari wa duka jingine."

Nikajaribu ujanja wa mwisho. Nikatafuta kitufe kikubwa chenye ile alama, nikakifunga chini ya meza, usawa wa goti lake. Akikisukuma na goti, pasi inazima, mlango unajifunga. Misumari inabaki mdomoni, mikono inabaki kazini. Kikafanya kazi! Ila spika ikabaki bubu, kitufe haikitambui. Nikamfundisha Shangazi ahesabu mpaka tano, halafu aamini.

Jumamosi binamu akaja, akasimama mlangoni na viatu vyake. Shangazi alikuwa anavalisha mgongo wa kochi. Akapiga pasi kitambaa, akaisimamisha, akarudi kugonga. Akasukuma goti. Kitasa kikalia, klak. Pasi nayo ilikuwa imezima, mimi niliona kijitaa chake kikifa.

Yeye hakuona. Akahesabu mpaka tano, akasubiri. Mtu aliyekwishaunguza mto wa mteja haamini hesabu. Akaenda kuhakikisha kwa mkono.

Pasi iliyozimwa sasa hivi inaunguza sawasawa na inayowaka. Alipiga kelele, misumari ikatawanyika sakafuni, na lile tofali la mbao ngumu likamuuliza, "Samahani, ungependa muziki gani?"

Binamu alimfunga mama yake mkono na kitambaa safi, akaanza kumkunjia nguo zake.

Sasa Shangazi yuko ghorofa ya tano. Kule haruhusiwi kugonga nyundo, wa ghorofa ya chini wanalalamika. Chumba cha mbele kimepata mpangaji. Wiki mbili baadaye nikapata kispika cha mtumba chenye ile alama, sauti kama mtu aliyejifungia ndani ya sufuria. Nikakiunganisha kwangu na plagi ileile, kitasa kilekile na kitufe kilekile, nikampeleka Shangazi akisikie. Akasukuma goti.

"Pasi imezimwa," kikasema. "Mlango umefungwa."

Akakisukuma tena. Na tena. Halafu akaniuliza polepole, "Hiki kilikuwepo siku zote?"

Nikachomoa plagi ukutani.

Basi nyie mnaosoma, msinipe pole. Kabla hujatoa hela dukani, mlazimishe muuzaji aiunganishe spika na kitu cha kampuni nyingine hapohapo mbele yako. Akikwambia ni ya muziki tu, mwachie aisikilize mwenyewe. Na kama unayo tayari nyumbani kama hiyo yetu, ibebe leo, uirudishe, usimame kwenye kaunta mpaka waipokee.