Ugomvi wa Kunong'ona Jikoni kwa Raisa

Raisa hakai. Ukienda kwake akakusogezea kiti, jua kiti ni chako peke yako. Yeye atafuta meza iliyokwisha kufutwa, atachungulia dirishani, kisha arudi kukuuliza, "Ulikuwa unasemaje?"

Zamani hakuwa hivi. Nilifanya naye kazi katika jiko la kambi ya makombora, yeye mpishi mkuu, mimi mmenya viazi. Mwanamke yule alikuwa anakaa juu ya gunia la kabichi akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kama hana shida duniani, na huku chini ya ardhi, chini kabisa ya miguu yetu, vijana wanalinda bomu la nyuklia la kufuta mji mzima. Wakipanda juu, wana njaa kama watu wengine. Raisa anawapakulia, na asiyemaliza anamtukana.

Halafu nchi yetu ikakubali kuyatoa makombora yote. Tukapewa karatasi. Wakubwa wa dunia, Mrusi akiwemo, wakaahidi kwamba mipaka yetu haitaguswa. Shimo la makombora likalipuliwa, likafukiwa, pakalimwa. Wageni waliokuja kuhakikisha kuwa limelipuka sawasawa walikula kwa Raisa, supu nyekundu ya bitiruti, na wakaomba nyongeza. Leo pale pameota alizeti, na Mrusi yuko ng'ambo ya mto Dnipro, makombora yake anayo, anatuambia tukimuudhi atabonyeza kitufe.

Mwana wa pekee wa Raisa, Denys, alitekwa mwaka wa kwanza wa vita. Alionekana mara moja kwenye video, shingo imekuwa kama ya kuku. Tangu hapo Raisa hakai.

Nyumbani mwake anaishi pia Zinaida, mama wa mke wa Denys. Binti mwenyewe alikimbilia Poland na mtoto. Zinaida ametoka kijiji cha ng'ambo ya mto, kilichoko mikononi mwa Mrusi. Alivuka na begi moja, funguo za nyumba yake shingoni. Wakwe wawili, jiko moja. Hata wakati wa amani hiyo ni vita.

Basi kabla ya Pasaka ikaja habari kutoka mkoani. Mjumbe wa nchi za nje, mmoja wa hao wanaozunguka kutafuta suluhu, anataka kuwasikiliza mama wa mateka, na wa wilaya yetu atakayesema ni Raisa. Swali lake ni moja: mko tayari kutoa nini ili amani ipatikane? Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kutoa maana yake ni ardhi ya ng'ambo iandikwe ya Mrusi, nasi turudishiwe watoto. Na katika ardhi hiyo ndimo ilimo nyumba ya Zinaida na kaburi la mumewe.

Alhamisi Kuu nikaenda kwao na unga wangu uliokandwa, maana oveni yangu imekufa. Tukaingiza mikate ya Pasaka yote pamoja, na ule mrefu kuliko yote ulikuwa wa Denys. Mkate wa Pasaka ukiwa ndani ya oveni, nyumba inatulia. Hakuna kupiga kelele, hakuna kubamiza mlango, hata paka anatolewa nje. Mkate ukishtuka, unabonyea, na mkate uliobonyea unamtabiria mabaya yule aliyeokewa.

Sasa fikiria wanawake watatu wenye hasira, na ruhusa ya kunong'ona tu.

"Utamwambia nini huyo mgeni?" Zinaida alianza, polepole kama mtu anayechokoza nyuki.

"Nitamwambia nimtakaye. Mwanangu."

"Na bei?"

"Bei wataijua wao."

"Wao! Ni nyumba yangu hiyo, mkwe. Mume wangu amelala pale."

Raisa alikuwa anazunguka meza kwa soksi. "Mimi niliwalisha watu wa lile bomu, Zina. Najua si utani. Umbane mtu mwenye kitu kile mpaka ukutani, unajua atafanya nini? Hujui. Hata yeye hajui."

"Kwa hiyo kila akitikisa bomu tunampa shamba? Mwaka huu anapewa langu, mwaka ujao atatikisa tena, atapewa hili jiko, na hiyo oveni, na Lida ndani yake."

"Mimi mniache," nikanong'ona. "Mimi nimekuja kuoka."

"Wewe Lida una maoni siku zote, leo yamekwenda wapi?"

"Maoni yangu ni kwamba tungebakiza bomu moja tu shimoni, leo tungekuwa tunagombania chumvi."

"Na nani angelibonyeza? Wewe?" Raisa akanigeukia. "Umeshindwa kumchinja bata wako mwenyewe mpaka nikaja mimi."

Nikacheka kwa pua. Hata Zinaida midomo ilicheza. Pangeishia hapo ingekuwa heri. Lakini Raisa ulimi wake ukishika njia haurudi.

"Kaburi halina njaa, Zina," akasema. "Mwanangu ana njaa."

Zinaida alisimama. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akatoka, na mlango ukapigwa hata sahani zikalia kabatini.

Tukatazama kioo cha oveni. Yangu miwili ilisimama. Wa Denys ulitoa pumzi, ukabonyea katikati kama kofia iliyokaliwa.

Nilidhani Raisa atapiga yowe. Alifungua dirisha, akalifunga. Akalifungua tena.

Hata hivyo siku ya Pasaka aliubeba kanisani ukabarikiwa, akiufunika kwa taulo lililotariziwa, watu wasione. Zinaida alitembea nyuma yake. Wiki nzima walisemezana kuhusu kuni tu.

Siku ya mkutano tulikwenda mjini wote watatu. Ving'ora vikalia kabla hatujakaa, tukateremshwa kwenye chumba cha chini cha maktaba. Mjumbe alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vizuri, magoti yake yakigusana na ya Raisa kwa kubanana. Kando yake msichana mkalimani.

"Mama," mkalimani akafasiri, "anauliza, ungekubali ardhi ya ng'ambo itolewe, ikiwa kwa hiyo mwanao atarudi?"

Raisa alifungua mdomo. Mikono yake ilikuwa inasokota mkanda wa mkoba. "Ardhi hiyo si yangu," akasema. "Ni ya mkwe wangu, yule pale. Muulizeni yeye."

Nikajisemea, basi, leo tutafukuzwa humu. Zinaida akainuka, akatoa zile funguo shingoni, akaziweka juu ya meza ya mjumbe.

"Andika," akasema, sauti kavu. "Nyumba ya matofali, miti ya aprikoti upande wa barabara, mume wangu Hryhorii nyuma ya kanisa. Natoa. Kijana arudi."

Mjumbe akainama kuandika. Raisa aliyaona yale. Mwanawe alikuwa pale pale, kwenye ncha ya kalamu.

"Ngoja," akasema. "Muulize, yule akishachukua, nini kitamzuia asitutishe tena?"

Mjumbe alieleza kwa muda. Mkalimani akafupisha: "Anasema kutakuwa na hati. Itatiwa saini na nchi zote kubwa."

Raisa alicheka. Ni kicheko ambacho sitaki kukisikia tena.

"Hati ya kwanza niliipikia supu," akasema. "Usiandike. Zina, chukua funguo zako. Mwambie mgeni, watoto warudi kwanza, tubadilishane mateka, wetu kwa wake. Ya ardhi yaongelewe baadaye, na aje na kitu kizito kuliko karatasi."

"Nimeshatoa!" Zinaida akafoka.

"Hujatoa! Ulimi umekuteleza!"

"Nyumba yangu, nitampa nimtakaye!"

"Si kwa ajili ya mwanangu! Akirudi akakuta nimemnunua kwa kaburi la baba mkwe wake, atanitazama vipi?"

Walipigiana mbele ya mjumbe kelele zote walizokuwa wamezimeza wiki nzima. Mkalimani alikata tamaa ya kufasiri. Mjumbe alikifunga kijitabu, akazisukuma funguo taratibu mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Zinaida.

Kwenye basi Raisa alisimama njia nzima, viti vipo. Kila baada ya kituo alinishika bega. "Lida, nimemfungia mlango?" Nikamwambia sijui. Yeye si mtu wa kudanganywa.

Nyumbani Zinaida aliutoa ule mkate uliobonyea, akaukata vipande vyembamba, akavipanga juu ya jiko vikauke. Mkate uliobarikiwa ukikauka vizuri hauoti ukungu, unakaa hata mwaka.

"Vinene hivyo havitakauka," Raisa akasema, akipita.

"Kaa chini, mkwe, uvipange wewe."

Raisa aliushika mgongo wa kiti. Gari likasikika barabarani. Akauachia, akaenda dirishani.