Kizuizi cha Busiu Barazani

Mama alifariki Mbale nami niko Jinja, katika zile siku za utawala wa kijeshi ambapo nchi haikuwa na bunge wala madiwani. Sheria ilisomwa redioni asubuhi, na kabla ya adhuhuri askari alikuwa ameanza kukukamata nayo.

Kumwosha mama ni kazi ya binti, na sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Nikadandia lori la mahindi hadi Busiu. Pale palikuwa na kizuizi, gogo lililolazwa juu ya mapipa. Askari akatushusha.

"Afande, mama yangu anazikwa leo," nikamwambia.

"Pole, mama. Lakini leo hapana pita. Iko amri."

"Amri ya nani?"

"Mimi hapana jua. Iko amri tu."

Nikaketi kando ya barabara. Mbele niliuona mlima wa Wanale, na Mbale ipo chini yake. Nyuma, lori lilikuwa limekwisha kugeuka. Waliponiachia kesho yake, nilikuta majirani wamemwosha na kumzika.

Sikurudi Jinja. Nilishika duka la mama la vitambaa, na vita vilivyouondoa utawala ule vilipokwisha, uchaguzi ulifanywa uwanjani, watu wakipanga mstari nyuma ya wamtakaye. Wanawake wa sokoni walijipanga nyuma yangu, nikawa diwani. Nilichotaka ni kimoja: kizuizi cha Busiu kiondoke. Kilikuwa bado kipo, ila sasa kililindwa na mgambo wa wilaya.

Nilidhani ukisimama barazani ukasema, wenzako wakaafiki, basi imekwisha. Spika, mwalimu mstaafu, alinisikiliza kwa upole.

"Mama diwani, neno lako bado si sheria. Lete muswada. Utasomwa mara ya kwanza, uende kamati, urudi tuujadili kifungu kwa kifungu, ndipo tupige kura."

Muswada wangu ulisomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina lake tu, ukapelekwa kamati ya usalama. Huko ukakwama. Leo akidi haikutimia, kesho mwenyekiti kasafiri. Mvua zikaja zikaisha, na sokoni wananiuliza kila siku. Nikaanza kupita njia za nyuma ili nisionane nao.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ofisa mstaafu wa magereza, mtu wa kaskazini. Sote tulimwita Afande. Siku moja nilimzuia mlangoni, nikamsimulia habari ya mama.

"Kijiji changu hakikuwa na kizuizi," akasema. "Wenye bunduki walikuja mchana kweupe. Nilizika watoto wangu wote. Sasa wewe unataka mimi nitie mkono wangu kufungua barabara?"

Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mkaidi, nikakutana na mfiwa mwenzangu.

Hatimaye kamati iliurudisha muswada, umebadilika. Kizuizi kibaki, ila mgonjwa, mjamzito na mwenye msiba wapite bila kushushwa. Barazani nilisimama kuupinga. Spika akanieleza, mbele ya wote, kwamba muswada ukianguka, baraza hili haliruhusiwi kuujadili tena mpaka baraza jipya lichaguliwe. Nikiukataa, wagonjwa wataendelea kukaa juani pale. Nikiukubali, kizuizi kitakuwa cha halali, na mwenyewe ni mimi.

"Wanaokubali?" Spika akauliza.

Mikono ikapanda. Afande alinitazama, wake ukiwa juu. Nami nikauinua wangu, mzito kama si wangu. Watu wakapiga makofi, nami natamani sakafu ipasuke.

Mwenyekiti wa wilaya alitia sahihi, sheria ikaanza kazi. Na ilisaidia, siwezi kukana. Mwanamke wa Busiu aliyeshikwa na uchungu alifikishwa hospitali ya Mbale akajifungua salama. Lakini wauza ndizi walishushwa vilevile, mikungu yao ikarundikwa chini. Mmoja wao, mama mtu mzima, alikuja dukani kwangu bila hata kuamkia.

"Mheshimiwa, hii sheria yako inasema mpaka tufiwe ndipo tupite?"

Nikamkaribisha kiti, akakataa. Alipoondoka nilifunga duka, nikaenda kwa karani wa baraza kumwuliza sheria iliyopitishwa hurekebishwaje.

"Kwa muswada mwingine, mama," akasema. "Unaanzia kamati ileile."