Masika ya Kumwosha Mama Kichwa

Mwezi uliopita nilishuka Same, nikiwa njiani kupanda Vudee kumwona mjomba ambaye hali yake haikuwa nzuri. Gari la kwenda mlimani lilikuwa halijajaa, nikaona niingie saluni moja nyuma ya stendi nioshwe nywele, maana vumbi la safari lilikuwa limenikaa mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Kwenye kiti cha pembeni alikaa binti mmoja aliyewekwa dawa ya kulainisha nywele. Mikono yake imeshikilia magoti. Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, inauma." Msusi, macho yakiwa kwenye simu, akamjibu, "Vumilia kidogo, ndiyo inashika."

Ndugu yangu, mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Lakini niliinuka na taulo langu shingoni, maji yakinichuruzika mgongoni, nikasema, "Mwoshe sasa hivi." Msusi alininunia. Alimwosha yule binti, ila mimi hakunimalizia vizuri, na sikumlaumu. Njia nzima ya kupanda mlima, baridi ikianza kuingia dirishani, nilikuwa namfikiria mama yangu.

Mimi nililelewa Vudee na bibi mzaa mama. Mama alikuwa Hedaru, kule chini barabarani, akiwapikia chakula madereva wa malori na abiria wa mabasi. Aliniacha kwa bibi nilipoacha ziwa, akaenda kutafuta maisha, na mwanzoni alikuwa akija kila baada ya mavuno. Kisha babu akafariki. Siku hizo simu za mkononi hazikuwa zimefika kwetu, na habari ya msiba alipewa mtu aliyekuwa anashuka tambarare. Mama alifika jioni, babu ameshazikwa, watu wangali wamekaa uani. Bibi alimtazama mbele ya wote akamwambia, "Sasa umekuja kufanya nini?"

Mama aligeuka, akatoka pale uani. Alilia kaburini, akalala kwetu usiku mmoja, akashuka. Tangu hapo yalikuwa yanakuja mafurushi tu: sukari, sabuni, viatu vyangu vya shule. Mwenyewe haji. Bibi alikuwa anapokea furushi, analifungua, na jina la mama halitaji.

Nyumbani kwetu kazi ya vichwa ilikuwa ya Jumamosi mchana, makande yakiwa jikoni. Mimi nilikuwa na mba mbaya. Ngozi ilikuwa inabanduka na kuangukia mabega ya sare kama unga, mpaka siku moja mwalimu akanitoa kwenye mstari na kunirudisha nyumbani nikaoshwe. Nilirudi nalia. Bibi hakunigombeza. Alikata jani la mshubiri ulioota kando ya jiwe la kufulia, akalisimamisha ukutani mpaka yale maji ya njano yakaisha kutoka, maana alisema hayo yanawasha. Halafu akalipasua na kunipaka ute wake kichwani, polepole, kwa ncha za vidole. Nilikaa nao huku natazama moshi wa jikoni, kisha akanisuuza kwa maji ya mvua. Hakuruhusu nijikune, na hakuruhusu kitana kiguse nywele kavu. Jirani yetu mmoja alikuwa anasuka watoto kwa uzi mpaka macho yanavutika, na bibi alimwambia waziwazi, "Mama, unamvuta mtoto ngozi. Ngozi ikichoka, hakuna kitakachoota hapo."

Mafuta tulitengeneza wenyewe. Nyuma ya nyumba, kuelekea bwawa la kumwagilia tunaloliita ndiva, kulikuwa na ua wa minyonyo. Tulichuma vishada vikikauka, tukavianika juu ya gunia mpaka vipasuke vyenyewe, tak, tak, mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa kuokota mbegu zilizorukia mbali, na kabla ya kuanza bibi alinionya kila mara nisitie hata moja mdomoni, kwa kuwa ni sumu. Alizikaanga kwenye kikaango, akazitwanga, akachemsha ule uji na maji mengi. Mafuta yakapanda juu, akayaengua kwa kijiko cha mti. Nguo zetu zilinuka nyonyo siku nzima, harufu nzito, kama ya karanga zilizoungua kidogo.

Masika ya mwaka nilipokuwa darasa la nne, mama alikuja. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni na mimi nilikuwa nachambua maharage. Nilipoinua macho, mtu amesimama kwenye mvua, kichwa kimefungwa kitenge, uso umevimba mpaka kope. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Shikamoo mama."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye migomba. Nikaogopa kwamba bibi hataitikia.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Kichwa kina nini?"

Mama aliingia, akasimulia akiwa amesimama. Rafiki yake alinunua dawa ya nywele sokoni, wakawekana wenyewe chumbani kwa ajili ya harusi ya mwenzao. Dawa ilipoanza kuchoma, wakafungua bomba, bomba halitoi maji. Hedaru maji ni shida. Rafiki akatoka mbio na ndoo, nyumba kwa nyumba, na mpaka anarudi mama alikuwa amelala sakafuni. Baadaye alipaka mafuta ya mgando, akafunga kitambaa, akaendelea kupika, akidhani patapona. Sasa alikuwa na homa, na kitambaa hakitoki.

"Kaa chini," bibi akasema.

Alichemsha maji na chumvi kidogo, akayaacha yapoe mpaka yakawa ya uvuguvugu. Akawa anachovya kanga safi na kukamulia juu ya kile kitenge, anangoja, anakivuta kidogo sana, anaacha, anamimina tena. Mama alinishika mkono. Alikuwa mama yangu, lakini mkono ule sikuuzoea, na ulinibana hadi vidole vikafa ganzi. Kitambaa kilipoachia, kilitoka na nywele. Harufu ilijaa jikoni. Bibi alikitazama kile kichwa muda mrefu.

Nilikimbilia nje kukata mshubiri. Bibi akaniita nirudi. "Hapana. Hapa pana usaha. Dawa zangu haziingii kwenye kidonda."

Kesho yake waliteremka pamoja mpaka zahanati, bibi akimshika mama kiwiko kwenye utelezi. Muuguzi alimpa vidonge na marhamu, akaagiza nywele zilizobaki zinyolewe. Bibi ndiye aliyezikata, kwa mkasi wake wa kushonea. Kwa siku nyingi hawakuongea zaidi ya "geuka huku" na "inauma hapa?" Mama alilala kitandani kwangu, mimi nikahamia kwa bibi, na nikawa nawasikiliza wote wawili wakipumua, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Vidonda vilifunga. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, inabana, inawasha. Hapo sasa ndipo bibi alipoleta ute wa mshubiri, na ulipokauka na kusuuzwa, mafuta ya nyonyo kidogo tu, kiasi cha kulowanisha kiganja. Kila mchana mama alikaa kwenye mkeka kati ya magoti ya bibi, kama nilivyokuwa nakaa mimi. Mchana mmoja, mvua imekatika na mimi niko mlangoni napasua kuni ndogo, bibi aliuliza bila kusimamisha vidole.

"Habari ulipewa lini?"

"Habari gani, mama?"

"Ya baba yako."

Mama hakugeuka. "Aliyetumwa hakunikuta. Aliacha ujumbe kwa jirani, jirani akaja kuniambia jioni ya kuamkia maziko. Alfajiri nilipanda lori. Likafia Makanya. Nikapanda mlima kwa miguu."

"Kwa miguu, kutoka Makanya?"

"Ndiyo, mama."

Vidole vya bibi vilikuwa vimesimama. "Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza nimefikaje. Uliniuliza nimekuja kufanya nini."

Niliacha kupasua kuni. Bibi alitazama uani, pale watu walipokuwa wamekaa siku ile. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu yeyote. Alichota mafuta mengine, akayasugua katikati ya viganja yapate joto, akaviweka vyote viwili juu ya kichwa cha mama, akavituliza. Kisha akasema kwa Kipare maneno ambayo tunamwambia mgeni akishatua mzigo. "Pole na safari, mwanangu."

Mama alianza kulia, na bibi akaendelea kumpaka.

Nywele ziliota. Kwanza vinyweleo kama vya mtoto mchanga, halafu zikawa nywele. Juu ya sikio la kushoto hapakuota kitu, na mpaka leo pako wazi; mama hupafunika na kilemba. Alishuka Hedaru maharage yalipokomaa, lakini baada ya hapo hakupita mwezi bila kupanda. Bibi alipofariki, mimi nikiwa sekondari, mama alikuwa naye chumbani tangu mwanzo wa ugonjwa.

Safari hii nilimkuta mjomba amekaa juani, amekonda, ila anacheka. Jiko la bibi limebomolewa na pale pana tangi la maji. Ua wa minyonyo uling'olewa zamani, wakapanda nyasi za ng'ombe. Mke wa mjomba ananunua mafuta ya nyonyo dukani, kwenye kichupa cha plastiki, na hayanuki kitu. Wajukuu wanaenda saluni Same. Sisemi ni vibaya. Nilitembea mpaka ndiva, nikarudi, na sikuona hata mnyonyo mmoja wa kuchuma.

Niliporudi kwangu nilitafuta mbegu za nyonyo sokoni, nikaanika, nikakaanga, nikatwanga, nikachemsha. Mafuta yalipatikana, machache, meusi. Harufu haikuwa ile. Nikakumbuka kwamba bibi alikuwa anatia majani fulani mwishoni, kila anapotaka kupaka, majani aliyokwenda kuyachuma mwenyewe, na mimi sikuwahi kumfuata. Nikampigia mama, nikamuuliza ni majani gani.



"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi kila alipokuwa ananipaka, nilikuwa nimefumba macho."