Nilivyomtafutia mzee wa Kiskoti babu yake nikiwa Doha

Wakuu, salaam. Mimi humu ni msomaji wa kimya, lakini hili limenikaa rohoni. Nawapa kama lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Ni miaka ya 2010, niko Doha, Qatar. Mimi ni nurse, namtunza mzee mmoja Mskoti nyumbani kwa binti yake, mtaa wa kitajiri unaoitwa The Pearl. Apartment ya bei mbaya, bahari iko dirishani, na mzee hana habari nayo. Macho yamefifia, figo zinagoma.

Alitaka kitu kimoja tu: ajue babu yake, Robert, alizaliwa shamba gani, akanyage pale mara moja kabla hajafa. Baba yake alihamia mjini na hakuwahi kusimulia.

(Kwao walikuwa wakulima wa kukodisha, wakuu. Shamba ni la tajiri, mkataba ukiisha unabeba vyombo na watoto. Na mimi nilidhani kila mzungu ana title deed!)

Basi asubuhi baada ya dawa nafungua laptop, namsomea scan za vitabu vya kanisa. Mwandiko wenyewe ni kama kuku kapita na wino.

Tukampata. Robert, amebatizwa, majina ya wazazi ni yaleyale aliyoyajua mzee, shamba limetajwa. Mzee akapiga makofi.

Kurasa chache mbele, Robert huyohuyo amezikwa. Mtoto mchanga.

Nilitamani kunyamaza. Nikamsomea.

"Sasa mimi nimetoka kwa nani, Sister?" Akageukia ukuta. Siku hiyo hakula.

Binti yake akaniambia, "Wangari, tuache. Tutamrudisha nyumbani Scotland bila hilo."

Lakini kuna kitu kilinisumbua. Kwetu Nyeri, Kenya, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba. Akifa, jina anapewa anayefuata. Mimi mwenyewe ni Wangari wa pili. Wa kwanza, dada yangu, alikufa kabla sijazaliwa, na nyumbani hatumtaji.

Nikamuuliza mzee kwao majina hutolewaje. Kumbe ni vilevile!

Nikaendelea kutafuta, safari hii parokia ya jirani. Yupo. Robert mwingine, wazazi walewale, shamba jipya. Walikuwa wamehama.

Nikalisoma jina la shamba. Mzee akalirudia polepole, akalia. Binti naye akalia. Na mimi pia, sitawadanganya.

Kisha akauliza, "Na yule mdogo amezikwa wapi?"

Nikamsomea.

"Tutaanzia kwake," akasema.

Jioni nilirudi chumbani kwangu, mtaa wa Muaither, nikampigia mama.

"Mama, yule Wangari wa kwanza alikuwa mtoto wa aina gani?"

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Alikuwa anapenda kucheka," mama akasema. "Tangu nimzike, hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Wakuu, funzo langu ni hilo. Waulizeni wazee wenu wakingali hai, hata habari za wale waliokufa wachanga. Na kama nawe ulipewa jina la ndugu aliyetangulia, mtaje hapa chini. Nitawasoma wote.