Kona ya Chania

Zacharia Mugo huweka daftari moja kwa kila mwaka. Katika daftari la mwaka jana kuna ukurasa ambao hapendi kuufungua. Hapo, kwa penseli, aliandika: "Kona ya Chania. Nimebaki kushoto. Magari."

Siku za kazi yuko stoo ya kiwanda kimoja hapa Thika. Jumapili hupima njia za mbio. Baiskeli yake ina kihesabu kidogo cha chuma kwenye gurudumu la mbele. Kwanza huipitisha mara nne kwenye mita mia tatu zilizopimwa kwa utepe wa chuma, kisha huenda barabarani, kisha hurudi kwenye zile mita mia tatu mara nne nyingine, maana jua likiwaka tairi hujaa na hesabu hubadilika.

Mpimaji hakai upande wake wa barabara. Hufuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kuipita. Kona ikipinda kulia, huvuka hadi ukingo wa kulia, uso kwa uso na magari yanayopanda. Ndiyo maana lazima mtu atangulie na bendera nyekundu. Kwa miaka tisa mtu huyo alikuwa mkewe, Magdalene, aliyewafokea madereva mpaka wakaomba msamaha.

Magdalene alizikwa Februari mwaka jana. Agosti Zacharia alipima njia ya mbio za kilomita kumi za Thika peke yake. Kwenye ile kona ndefu inayopinda kulia ikiteremkia daraja la Chania, aliona lori likija, akabaki kushoto. Alipopima mara ya pili akabaki kushoto tena. Vipimo viwili vikalingana, cheti kikatoka.

Katika mbio hizo Sumeya, binti wa mlango wa tatu kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga, alikimbia dakika thelathini na tatu na sekunde hamsini na tisa. Kambi ya mazoezi ilitaka chini ya thelathini na nne. Akaitwa, aende Januari mwaka ujao. Kila alfajiri hupita mlangoni kwa Zacharia akienda mazoezini na kusema, "Sasa, Anko!" Kuna siku za mapumziko ambazo hiyo ndiyo sauti pekee inayomsemesha.

Mwaka huu barabara ikawekwa lami mpya na misumari ya alama ikafukiwa. Maina, katibu wa mbio, akapiga simu kutoka Ruiru.

"Mzee, si upige tu misumari palepale? Karatasi za mwaka jana ninazo."

"Nitapima," Zacharia akajibu.

Hakuwa amebisha mlango wa mtu tangu matanga. Alisimama nje ya mlango wa tatu, bendera imekunjwa kwapani, hadi Sumeya mwenyewe akafungua.

"Anko! Leo jua limetokea wapi?"

"Nataka mtu wa kunishikia bendera. Jumapili."

"Na nikigongwa, utakimbia wewe badala yangu?"

"Utasimama pembeni."

"Basi nitakuja. Lakini chai ni juu yako."

Jumapili Sumeya aliifanya kazi kama aliyezaliwa nayo. Pale konani alisimamisha gari la maziwa kwa mkono mmoja. Dereva akapiga honi.

"Piga tu! Hiyo honi itakupa maziwa?" akamwambia. "Mzee apite kwanza!"

Zacharia akavuka hadi ukingo wa kulia, akaupita ukingo huo wote, sentimita thelathini kutoka kwenye mawe.

Walipomaliza kupima mara mbili, alikaa juu ya jiwe na kupiga hesabu. Akairudia. Sumeya alikuwa akimtazama.

"Mbona unairudia?"

"Njia ya mwaka jana ni fupi kuliko nilivyoandika. Mita kumi na saba. Huwa tunaongeza kumi za tahadhari. Saba zinakosekana."

"Saba za nani?"

"Zangu. Nilikosea pale konani: nilibaki kushoto, nikahesabu ndefu kuliko anayokimbia mtu. Wewe ulikimbia mita elfu tisa mia tisa tisini na tatu."

Sumeya aliitazama lami.

"Hizo ni hatua ngapi?"

"Zako, nne. Sekunde moja na kidogo."

"Na mimi nilikuwa na sekunde moja. Nani mwingine anajua?"

"Sisi wawili."

"Na ulijua kabla hujabisha kwetu?"

"Nilishuku."

"Si ungemwomba mtu mwingine, Anko?"

"Sina mwingine."

Sumeya alimrudishia bendera, ameikunja vizuri, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini.

Zacharia alirudi nyuma mita kumi na saba kutoka mahali pa kuanzia pa mwaka jana, akapiga msumari mpya na kifuniko cha soda juu yake. Jua lilikuwa limewaka. Akazipita zile mita mia tatu mara nne, bendera imefungwa kwenye keria. Jioni alimwandikia Maina barua mbili. Moja ilikuwa ya njia mpya. Ya pili ilisema kwamba nyakati zote za wakimbiaji wa mwaka jana zifutwe, na kwamba kosa ni la mpimaji. Katika daftari akaandika: "Kona ya Chania. Kulia. Bendera: Sumeya."

Jumatatu aliamka mapema kuliko kawaida, akakaa karibu na mlango na kikombe chake. Viatu vilikuja kwa mwendo uleule anaoujua. Vilipofika mlangoni kwake havikupunguza mwendo, vikapita bila "Sasa, Anko!" hadi getini.